Homa Ina Majina Mengi: Mafundisho juu ya Kupima Malaria Wakati wa Korona

Ndugu wapendwa, na hasa ninyi walimu wa sharika mnaoitwa usiku kwenda kwa wagonjwa, safari hii twataka kuwafundisha habari za homa. Mtasema, homa ni kazi ya tabibu. Ni kweli. Lakini tabibu humwona mgonjwa aliyekwisha kufika kwake. Ninyi humwona kabla hajaondoka nyumbani, yungali amelala kitandani, nao jamaa wameketi barazani wakishauriana, twende au tusiende. Katika shauri lile mwalimu huulizwa, na jawabu lake lina uzito kuliko adhaniavyo mwenyewe. Sisi tuliulizwa mwaka 2020, tukajibu vibaya. Kwa sababu hiyo twaandika.

Ulikuwa mwezi wa Mei, masika hayajakwisha, katika kijiji kimoja cha upande wa Bagamoyo, karibu na mashamba ya mpunga ya bonde la Ruvu. Mama mmoja wa usharika alitupigia simu, akasema kwamba mwanawe, mtoto wa miaka mitatu, mwili unamwaka tangu jana, naye anakohoa kidogo. Akauliza, “Baba Mchungaji, nimpeleke zahanati, au nitulie? Watu wanasema ukifika na kikohozi unawekwa peke yako, na mtoto wako unatengwa naye.”

Siku zile korona ilikuwa katika kila kinywa. Mgonjwa wa kwanza katika nchi yetu alikuwa ametangazwa tarehe 16 Machi, na shule zikafungwa mara. Tulikuwa tumesikia kwamba mwenye homa ndogo akae nyumbani kwake, asije akawaambukiza wengine. Tena tulikuwa tumesikia kwamba korona haiwalemei sana watoto. Tukayaunganisha maneno haya mawili, tukajiona wenye busara. Tukamwambia, “Mama, tulia kwanza siku mbili. Mpe maji, mpunguzie nguo, nasi tutaona.”

Usiku wa pili mtoto akashikwa na degedege. Bibi yake alinena kwamba ni ndege wa usiku aliyepita juu ya paa, akataka aitwe fundi wa kufukiza. Mjomba akakataa, akampakia mtoto na mama yake juu ya pikipiki, wakafika hospitali alfajiri. Damu ikatolewa kidoleni, na kabla ya robo saa kwisha jawabu likapatikana: malaria, tena malaria kali. Akapigwa sindano za artesuneti. Siku mbili alilala asimtambue mtu. Siku ya tatu akaomba uji.

Basi, kosa letu lilikuwa nini? Hatukukosa kwa kuiogopa korona, maana ilistahili kuogopwa. Tulikosa kwa kuipa homa jina kabla haijapimwa. Na kosa hili kwetu pwani ni la zamani sana, ila zamani jina lilikuwa jingine. Mtu akiumwa kichwa, malaria. Akitapika, malaria. Viungo vikimuuma baada ya kulima, malaria. Hata leo mtu akikosa kufika kazini, husema tu, “Nina malaria,” wala hapana amwulizaye ni nani aliyempima.

Tusidhani ni kosa la wasiosoma peke yao. Katika hospitali mbili za Moshi, mwaka 2007 na 2008, wataalamu waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kati yao 528 walikuwa wameandikiwa na matabibu kwamba wana malaria. Damu ilipochunguzwa kwa uangalifu, waliougua malaria kweli walikuwa 14. Mtasema, Moshi ni nchi ya baridi, mbu wa malaria ni wachache huko. Haya, natutazame karibu nasi. Mwaka 2008 walichunguzwa watoto 1,005 wenye homa waliopelekwa kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara, nao waliokuwa na malaria walikuwa kama mmoja tu katika kumi. Wengi wa waliosalia walishikwa na maradhi ya njia ya hewa, yaani ya pua, koo na mapafu, na mengi ya hayo huletwa na virusi. Haya yote yalikuwa miaka mingi kabla ya korona. Kwa hiyo korona haikutuletea fumbo jipya. Ililizidisha tu lile la zamani na kulifanya liue upesi.

Kinyume chake nacho kipo, nacho ndicho kilichokuwa karibu kumwua mtoto yule. Katika miaka ya 1990 wataalamu walikaa katika wilaya ya Bagamoyo wakijifunza majina ambayo watu huzipa homa. Wakaona kwamba wazazi wengi waliijua malaria, na kuiogopa, na kuitafutia dawa ya hospitali. Lakini degedege hawakuihesabu kuwa malaria hata kidogo. Degedege ilikuwa na jina lake, na chanzo chake, na mganga wake. Mtoto huyohuyo, mwenye kimelea kilekile katika damu, jana yake alikuwa mgonjwa wa zahanati, na leo, kwa kuwa amekakamaa na macho yamegeuka, amekuwa mgonjwa wa fundi. Jina lilimpeleka njia nyingine. Twaona, basi, kwamba jina si neno la mdomo tu. Jina huamua mgonjwa achukuliwe wapi.

Sasa tujifunze habari za vipimo vyenyewe, maana mtu hawezi kuwashauri wengine juu ya jambo asilolielewa.

Malaria huletwa na kimelea, kiumbe hai kidogo ambacho mbu jike wa namna ya anofelesi humtia mtu anapomwuma usiku. Kimelea hicho huingia kwanza katika ini, kisha hutoka na kuingia ndani ya chembe nyekundu za damu, hukua humo, huzaana, na kuzipasua. Mfaransa Laveran ndiye aliyekiona mara ya kwanza, mwaka 1880, huko Algeria. Na mwaka 1897 Ross aliyekuwa Bara Hindi alikiona ndani ya mbu. Mwaka huohuo wa 1897 Mjerumani Robert Koch alifika Dar es Salaam, akawa anachungua kwa hadubini damu ya wagonjwa wa homa. Kwa hiyo desturi ya kutazama damu ya mwenye homa katika pwani hii imepita miaka mia na ishirini. Tunaona haya kidogo kuandika hivyo, tukikumbuka shauri tulilotoa kwa simu.

Kipimo cha hadubini ni hiki: tone la damu hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, kisha mtaalamu hulitazama na kuhesabu. Ndiyo maana watu husema, “Nimepimwa, nina wadudu wawili.” Ni kipimo kizuri iwapo jicho limefundishwa na kazi haifanywi kwa haraka. Cha pili ni kile cha haraka, ambacho siku hizi kipo hata katika zahanati za vijijini: kikasha chembamba cha plastiki, tone la damu ya kidoleni, matone ya maji ya dawa, kisha kungoja kama dakika kumi na tano au ishirini. Mstari mmoja wa uangalizi ukionekana peke yake, malaria haikuonekana. Ikiwa miwili, ipo. Na mstari wa uangalizi usipoonekana kabisa, kikasha kimeharibika na kazi irudiwe. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwa njia moja kati ya hizi kabla ya kupewa dawa, ikiwa kipimo chapatikana.

Lakini angalieni jambo hili, maana ndani yake mna mtego. Kile kikasha hakimwoni mdudu mwenyewe. Hutambua kitu ambacho mdudu hukiacha katika damu, na kitu hicho huweza kubaki majuma kadhaa baada ya mdudu kufa kwa dawa. Ni kama majivu jikoni: yaonyesha kwamba moto uliwashwa, hayaonyeshi kwamba unawaka sasa. Mtu aliyetibiwa malaria mwanzo wa mwezi, akipimwa kwa kikasha mwisho wa mwezi, huweza kuambiwa anayo, naye hanayo. Kwa mtu wa namna hiyo hadubini hutoa ushahidi bora zaidi.

Mtego wa pili ni mkubwa kuliko huo. Mtu mzima aliyezaliwa na kukulia pwani ameumwa na mbu miaka mingi, na mwili wake umejifunza kuishi na kimelea. Huweza kuwa nacho katika damu asiumwe hata kichwa. Sasa mtu huyo akishikwa na homa ya jambo jingine, akapimwa malaria, mstari wa pili utatokea, nao utasema kweli: kimelea kimo. Lakini hausemi kwamba kimelea ndicho kilicholeta homa hii. Ndugu zangu walimu, yasomeni maneno haya mara mbili. Kipimo hujibu swali lililoulizwa, hakijibu swali jingine. Tukikiuliza habari za malaria, hakitatuambia habari za korona.

Tulijifunza hayo kwa mzee mmoja wa usharika, fundi wa majahazi, mwenye miaka sitini na kitu, ambaye alikuwa hajapata kulala hospitali tangu azaliwe. Katikati ya mwaka 2021 alipata homa, mwili ukachoka, na kikohozi kikavu. Akaenda kupimwa, akaambiwa ana wadudu wawili, akapewa dawa ya mseto. Wote tukafurahi. Twakiri kwamba tulifurahi: malaria tunaijua, tumeizoea kama jirani mgomvi, na mstari ule wa pili ulikuwa kwetu kama hati ya kusema kwamba si korona. Kwa hiyo watu wakaja kumtazama, wakajaa chumbani, wakamshika mkono. Siku ya tatu amemaliza dawa na homa ingalipo. Jamaa wakasema, ni malaria sugu, wakanunua dozi nyingine katika duka la dawa. Alituambia chakula hakina ladha, wala hasikii harufu ya samaki anayekaangwa uani. Hatukulitia maanani neno hilo. Siku ya sita alikuwa akihema kama aliyepanda mlima, naye ameketi tu. Hospitali walimbana kidole kwa kile kifaa kidogo kipimacho hewa katika damu, wakatazamana. Alipewa oksijeni, lakini alikuwa amechelewa. Baada yake wakaugua watu wanne wa nyumba ile, nao wakapona.

Dalili za maradhi haya mawili hukaribiana mno: homa, kuumwa kichwa, viungo kuuma, uchovu, hata kutapika na kuharisha. Malaria kali huweza kumfanya mtu ahemehe, na mtoto wa malaria huweza kukohoa. Kwa hiyo kikohozi peke yake si ushahidi wa kutosha. Kupotewa na harufu na ladha kuliielekea zaidi korona, hasa katika miaka ile ya kwanza. Kutetemeka sana kwa baridi, kisha joto, kisha jasho, huielekea zaidi malaria. Lakini sisi si matabibu, na hata tabibu hawezi kuzitenga kwa macho peke yake. Kirusi cha korona ni kidogo mno, hadubini ya zahanati haiwezi kukiona. Hutafutwa kwa kijiti cha pamba kinachoingizwa puani au kooni, kisha kwa mashine, au kwa kikasha chake chenyewe. Nacho hicho kikasha kikisema hakuna, huweza kuwa kimekosea, hasa ikiwa ugonjwa ndiyo kwanza unaanza au umekwisha kupita siku nyingi.

Mwaka 2020 vipimo vya korona vilikuwa vichache, tena imani juu yake ilivunjika. Mwanzo wa Mei mwaka ule Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, zikarudi na jawabu kwamba zina korona. Mkuu wa kituo cha Afrika cha kuzuia magonjwa alikataa, akasema vipimo vile ni vizuri. Hatuwezi kuamua shauri la maabara kutoka ofisi ya usharika. Lakini twajua lililotokea barazani: neno “kipimo” likawa neno la kuchekea. Na waliocheka hawakubagua. Walikicheka cha korona na cha malaria pamoja. Hesabu za wagonjwa zilikuwa zimekoma kutangazwa tangu mwisho wa Aprili. Zilianza kutolewa tena mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, na chanjo zikazinduliwa tarehe 28 Julai mwaka huo.

Katika giza lile dawa nazo zilichanganyika. Mwaka 2020 ilivuma habari duniani kote kwamba klorokwini, ile dawa chungu ya malaria tuliyonyweshwa utotoni, pamoja na ndugu yake haidroksiklorokwini, huponya korona. Watu waliitafuta madukani. Majaribio makubwa ya mwezi wa Juni 2020 yalionyesha kwamba haidroksiklorokwini haikuwaokoa wagonjwa wa korona waliolazwa. Jambo hili lina mfano wake katika historia. Katika ile homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918, iliyofika pwani yetu kwa njia ya meli, watu wa nchi nyingi walinyweshwa kwinini, dawa ya malaria, nayo haina nguvu juu ya mafua. Hatuwalaumu: kirusi cha mafua ya binadamu hakikupata kutambulikana mpaka mwaka 1933. Walikuwa na homa, na dawa ya homa waliyoijua ilikuwa moja.

Na kujifukiza? Wengi wametuuliza. Hatuna neno na mvuke wa majani kwa mtu mzima mwenye mafua, akiona unampunguzia. Lakini mvuke haumfikii mdudu aliye ndani ya chembe ya damu, wala haumfikii kirusi aliye ndani ya mapafu. Tena mtoto mdogo chini ya shuka pamoja na sufuria ya maji yanayochemka ni hatari nyingine juu ya ile ya kwanza.

Sasa tuwape hesabu ya dunia, mpate kuona kwamba kosa la simu yetu halikuwa la mtu mmoja. Katika taarifa yake ya mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 malaria iliua watu 627,000, yaani 69,000 zaidi ya mwaka uliotangulia. Katika hao waliozidi, 47,000 hivi walikufa kwa sababu kazi ya kuzuia, kupima na kutibu malaria ilivurugika wakati wa korona. Wengi wa wafao kwa malaria ni watoto wa Afrika wasiotimiza miaka mitano. Agizo la “kaa nyumbani na homa yako” lilifaa kwa nchi isiyo na malaria. Kwa bonde la Ruvu katika masika, mtoto mwenye homa hana siku mbili za kungoja. Malaria ya kwetu huweza kumgeukia ikawa kali katika muda wa saa ishirini na nne.

Kwa hiyo, mwalimu ukiitwa, usiseme ni ugonjwa gani. Uliza homa ilianza lini, na kama mgonjwa alitibiwa malaria karibuni, na ni nani mwingine nyumbani anayekohoa. Kisha waambie waende wakapime leo, si kesho. Ikiwa kuna kikohozi na maradhi ya kuambukiza yanatembea, mgonjwa afunikwe pua na kinywa, afuatane na mtu mmoja tu, nanyi wengine mwombeeni mkiwa nje, madirisha wazi. Kipimo cha malaria kikisema hakuna, msimlazimishe tabibu atoe dawa ya malaria. Mwulizeni, basi homa hii ni ya nini? Kikisema ipo, na itibiwe, lakini mgonjwa atazamwe bado kila siku, na asipopata nafuu kufikia siku ya tatu arudishwe hospitali, wala siyo dukani. Naye asiyeweza kunywa, atapikaye kila kitu, mwenye degedege, aliyelala asiamke vizuri, mwenye kuhema, au mwenye mkojo kama kahawa, huyo msimshaurie tena, mchukueni.

Twajua ugumu. Nauli ya pikipiki usiku si ndogo, na zahanati nyingine vikasha humalizika. Katika usharika wetu tumeweka akiba ndogo kwa nauli ya wagonjwa, nayo mara mbili imekwisha kabla ya mwezi kwisha.

Korona haikutoweka, ingawa Shirika la Afya Duniani liliondoa tangazo lake la hatari tarehe 5 Mei 2023. Malaria nayo ipo kila masika. Chanjo za malaria zimepatikana, na watoto wa Bagamoyo walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa nazo tangu mwaka 2009, katika kituo cha Taasisi ya Afya ya Ifakara kilichopo mjini humo. Hizo zina habari zake, nasi tutaziandika wakati mwingine.

Mtoto yule wa bonde la Ruvu sasa anasoma shule ya msingi, na hushika ngoma katika kwaya ya watoto. Mama yake hajatulaumu hata mara moja. Lakini mtoto akipata joto siku hizi, hatupigii simu. Humvika nguo, hutoka naye, na sisi hupata habari baadaye.